Hudhud wa Saa Nne Asubuhi

Takaungu, 20 Novemba 2024

Mwanangu Hazim,

Assalaam aleikum. Sisi hapa wazima. Mguu wangu ndio uleule, usianze kuniagizia dawa. Wewe je? Unakula? Unalala?

Kila nikikuuliza habari, unajibu "kazi poa, mama". Hiyo nayo ni habari? Mimi niliyeishia darasa la nne naandika zaidi yako, na kwa kidole kimoja. Nikijaribu kukuona huko Dubai naona majumba tu, wewe sikuoni. Dadako Rumaisa ati amesoma kwenye simu kwamba baridi ikiingia, ndege wa nchi za barafu huteremka huko. Ni kweli? Wewe mlinzi, unasimama getini kutwa na macho yako mawili. Niandikie umeona ndege gani.

Mimi mamako

—

Dubai Marina, 29 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, nakula. Mguu upake mafuta hata kama hutaki.

Ndege wapo. Nyuma ya jengo letu kuna maji, na shakwe wamejipanga kwenye kamba za boti kama watu wa foleni. Madam mmoja wa ghorofani huwatupia mkate, na kazi yangu ni kumkataza. Namwambia, "Madam, tafadhali." Ananijibu, "Yalla, yalla," anatupa mwingine. Kuna na kindege cheusi kwa cheupe, kinakimbia juu ya marumaru, mkia hautulii hata kidogo.

Naitwa, mama.

Mwanao Hazim

—

Takaungu, 5 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Alhamdulillahi, leo nimekuona! Nimekuona unavyobishana na huyo madam.

Sasa nijibu. Hicho kindege chenye mkia kinakula nini kwenye marumaru? Marumaru ina nini? Na hao shakwe wakitaka kurudi kwao, nani anawaambia baridi imekwisha? Kafeel wao, mdhamini kama huyo wako, ni nani? Hilo nimemwuliza Bi Sundus hapa jirani, amecheka mpaka ufagio ukamtoka.

Halafu, hudhud. Yule aliyempelekea Nabii Suleiman habari za malkia. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alisema ana taji kichwani. Mimi maisha yangu yote nimemsikia tu. Yupo huko? Hilo taji ni la nyama kama la jogoo, au ni manyoya?

Vaa sweta.

Mamako

—

Dubai, 11 Januari 2025

Mama, shikamoo. Samahani nimekawia. Mzima?

Nimemwona hudhud! Saa nne asubuhi, kwenye bustani ya hapa Al Baraha, majani yakiwa yamemwagiliwa. Taji ni manyoya, mama, rangi ya chungwa, ncha nyeusi. Hutembea amelilaza kisogoni, akishtuka ndipo hulifungua kama feni ya mkono. Anadunga mdomo mchangani, tuk tuk tuk, kama cherehani. Jua likiwa kali huingia kivulini, alasiri anarudi palepale. Karibu wiki nzima namwangalia. Amenizoea, anapita karibu na viatu vyangu.

Juzi nikaenda Ras Al Khor kuwaona heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Nimekwenda kwa miguu, nyayo zimewaka moto. Kuna kibanda cha mbao na darubini, yeyote anaangalia. Wamejaa matopeni, vichwa chini, kama wanawake wanaochagua mchele. Wengine wamelala kwa mguu mmoja, na upepo ule! Nimekaa mpaka wakafunga.

Mwanao Hazim

—

Takaungu, 14 Januari 2025

Mwanangu Hazim,

Marahaba. Hilo taji nimewasimulia wote. Hata Bi Sundus sasa anataka kujua kama jike nalo linavaa.

Lakini kuna jambo linanikereketa. Zamu yako ni ya mchana, tangu asubuhi mpaka magharibi, wewe mwenyewe uliniambia. Sasa saa nne uko na hudhud, adhuhuri uko na hudhud, alasiri uko na hudhud. Getini yuko nani? Na ulikuwa Marina, Al Baraha umefuata nini? Na gari la kampuni liko wapi hata mtoto wangu atembee mpaka nyayo ziwake?

Labda ni likizo. Kama ni likizo niambie nilale.

Mamako

—

Takaungu, 27 Januari 2025

Hazim,

Naona alama kwenye simu kwamba umesoma. Sikuuliza kwa hasira, baba. Andika hata neno moja.

Mama

—

Dubai, 3 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Si likizo. Jengo lilibadilisha kampuni ya ulinzi mwezi wa Desemba, sisi wa zamani tukaachwa. Kitanda nimegawana na Jamiru, Mganda, mlinzi wa usiku. Akirudi asubuhi analala yeye, natoka mimi. Ndiyo maana ya bustani.

Kibali changu cha ukaazi kinaisha mwisho wa mwezi huu. Kuna arbab mmoja, bosi wa ghala, anachukua watu bila karatasi. Jamiru anasema nisithubutu, nitakuwa nikijificha hata kwenda dukani. Lakini nirudi vipi? Pale mtaani wanakuita Mama Dubai. Nitapita mbele yao na begi lilelile nililoondoka nalo? Nipe siku mbili tatu nimjibu yule arbab.

Hazim

—

Takaungu, 4 Februari 2025

Mwanangu,

Mimi mzima, na wewe uzima unao, basi.

Leo tulikuwa kwa Bi Sundus, tunamenya vitunguu vya kukaanga na kuhifadhi kwa arusi ya bintiye, wanawake ua mzima. Nikasimama na kisu changu nikasema, "Hazim kazi imekwisha, anarudi." Kisha Bi Sundus akasema, "Ala! Na masufuria yote haya nilikuwa nawaza nani atayabeba. Mwambie afanye haraka." Mwingine, mchokozi, akauliza, "Na wewe Mama Dubai, sasa tukuite nani?" Nikamwambia, "Niiteni Mama Hazim. Dubai sikuizaa mimi." Ua mzima ukacheka, na mimi nikacheka, vitunguu vikinitoa machozi.

Kwa hiyo wameshajua. Hapa hakuna wa kumficha tena. Huyo arbab mwambie khalas, umshukuru na Jamiru kwa niaba yangu.

Arusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Niambie siku unayofika.

Mama Hazim