Baba Amehamia Langoni

Dada yangu,

Shikamoo. Vitabu vyako nilivipandisha juu ya kabati, havikulowa.

Unajua bahari ikijaa lazima Baba afunge lango la mto, maji ya chumvi yasipande mjini. Safari hii mvua nayo ilikuwa inanyesha. Mto ukakosa pa kutokea, ukaingia nyumba zote za mtaani.

"Mwambie baba yako aje alale kwenye tope hili!" jirani alinifokea. Sasa salamu zangu haziitikiwi.

Baba analala hukohuko langoni, eti kazi nyingi. Nadhani anaona haya kurudi. Jioni nasoma kwa sauti, nyumba isiwe kimya.

Njoo likizo hii, Dada. Mimi nikimwita ananiambia nikasome. Wewe hawezi kukukatalia.

Mdogo wako,
Profesa