Uta wa Baba Bado Uko kwa Jonah

Ikutha,
Kitui.
16 Juni 2025

Mpendwa kaka Mulwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Mwaitu mama yetu ana magoti yake, lakini hayo ameshayazoea, na sisi tumezoea kusikia habari zake. Wewe je? Safa, binti wa Abdulkadir mwenye duka la nguo, anasema joto la Doha linalainisha soli ya kiatu. Natumaini lori lako lina kipoza hewa na unakula chakula, si mikate tu. Safa ndiye anayekuletea barua hii, maana anarudi kazini Alhamisi. Ningekupigia, lakini simu ikilia hapa nyumbani watu watano husogea karibu, na jambo hili ni letu wawili.

Mvua ilinyesha siku tisa ikachoka. Pojo tumepata kidogo. Mahindi usiulize.

Fisi wamechukua mbuzi wetu wanne tangu Machi. Wa nne ni yule mweupe wa Mwaitu, wa maziwa ya chai. Siku hizi anakunywa chai ya rangi, na kila akiweka kikombe chini anamtaja marehemu. Wanaume wa hapa wako Nairobi, Mombasa na huko kwenu. Basi wanawake saba wa kanisani, mkeo Kalunde akiwemo, tuliamua kujifunza kulenga shabaha. Usishtuke. Askari wa wanyamapori alituambia wazi kwamba kuwinda ni marufuku, na fisi hauawi, anafukuzwa tu. Mishale yetu haina chuma wala sumu. Ncha yake ni kifundo cha mti, na fisi akipigwa nacho mbavuni anakumbuka kwao.

Kwanza nilienda kwa chifu, kwa sababu nilisikia wanatafuta askari wa akiba na wanawake wanaruhusiwa kuomba. Huko ukichukuliwa unafundishwa bunduki. Chifu aliniuliza umri, nikasema arobaini na saba. Akaandika vizuri kabisa, kisha akaniuliza kama nina binti.

Halafu nikasafiri mpaka Kikima, mara mbili, nauli ikanitoa jasho. Kuna mwalimu wa michezo anaitwa Mwongeli, anafundisha wasichana kulenga shabaha kila Jumamosi kwa pinde za fiba. Alinionyesha namna ya kusimama na kushika pumzi, nami nilijifunza mengi. Ila shabaha ya Kikima ni gunia la majani, na gunia halitembei.

Mwishowe tukamwendea Baba Mdogo Jonah. Nilidhani atatufukuza, lakini alicheka mpaka akakohoa, kisha akatuambia tuje kesho yake. Majuma mawili ya kwanza hatukushika hata mshale. Tulisoma nyayo. Macho yake sasa yana ukungu, kwa hiyo anapiga magoti na kupapasa unyayo kwa vidole, halafu anatuuliza: huyu ameshiba ama ana njaa, alikuwa anaenda ama anarudi? Kalunde anatushinda wote. Juzi alitambua nyayo za mbuzi wa jirani ndani ya shamba letu la pojo, na maneno yaliyofuata sitayaandika.

Shida yetu ni pinde. Tulizochonga wenyewe ni za matawi mabichi, na mshale unaanguka baada ya hatua kumi na tano. Wiki jana asubuhi fisi alikuja mpaka kwenye ua wa miiba. Nikasimama kama Mwongeli alivyonifundisha, nikaachilia. Mshale ukaanguka mbele ya miguu yake. Akaunusa, akaniangalia, akaenda zake polepole, na wenzangu wakacheka kuliko fisi mwenyewe. Uta wa Baba unafika hatua sitini, wewe unajua.

Uta huo uko kwa Jonah tangu mazishi, umefungwa kwa shuka, unakungoja. Mwisho wa mwezi huu anahamia Mukuyuni kwa bintiye, karibu na mahali atakapotibiwa macho, na anasema atauchukua. Nilimwomba auache hapa ili niendelee kuwafundisha wenzangu. Hakukasirika. Aliniambia, "Nduku, wewe unajua kulenga, hiyo sikatai. Lakini uta ya mwenye boma inapewa mtoto ile ilileta nyama ya kwanza kwa chungu ya mama yake. Na hiyo ni Mulwa na ile kanga yake. Mimi si mtu ya kuvunja neno ya ndugu yangu."

Nikaimwagilia maji miche yake, nikarudi nyumbani.

Kaka, nina hakika hujasahau. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa, tulikuwa tunachunga ng'ambo ya mto Tiva. Ulirusha mishale mitatu ikaingia vichakani. Wa nne niliurusha mimi, na kanga akaanguka. Ulilia kwa hofu kwamba Baba akijua msichana ameshika uta wake tutachapwa wote wawili, nikakuambia mbebe wewe. Jioni Baba alikupa firigisi mbele ya watu. Nilikuwa nimeshika sinia ya ugali nikikutazama ukitafuna. Iliniuma wakati ule, na sitakudanganya, inaniuma mpaka leo.

Sikuambii uniachie uta kwa hisani. Ukimwambia Jonah kwamba unanipa, atauleta, na mimi nitakuwa nimepewa zawadi na kaka yangu. Sitaki zawadi. Mwambie ni nani aliyemwangusha yule kanga, halafu yeye mwenyewe aamue kwa desturi yake. Akiamua kwenda nao Mukuyuni hata baada ya hapo, sitakusumbua tena. Simu yake anaiwasha Jumapili baada ya ibada, kuanzia saa nane. Anahama tarehe 28, kwa hiyo inabaki Jumapili moja tu.

Kalunde anakusalimu na anasema viatu vya watoto vilifika, vya Nzuki vinambana. Jonah anakusalimu. Mwaitu anakusalimu sana. Akija mgeni bado anamsimulia habari ya kanga wako, anaonyesha na chungu, nami huwa nipo palepale nikichochea moto.

Mungu akutangulie katika safari zako zote na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Nduku