Kengele ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu kaniteua! Mimi, karani wa shule, kwa kuwa eti napiga taipu haraka. Kuanzia Ijumaa kengele itapigwa na kompyuta, siyo baba mkwe tena. Nibadilishe tu saa kwenye faili. Programu inaitwa nano — ya wanaoanza, fundi aliyeifunga kompyuta kasema kabla hajatoweka. Skrini nyeusi tii. Nikajaza saa za kukisia. Chini wameonyesha namna ya kutoka: alama ya kikofia na X, hivi: ^X. Nikaandika kikofia na X. Mara kumi na moja. Zote zikajipanga ndani ya faili. Mwisho nikachomoa waya ukutani. Hapo nikatoka.

Jumanne, 4 Machi
Kazi yote ya jana imepotea. Zimebaki saa za majaribio za fundi: spika ya kengele ikalia katikati ya kipindi cha hesabu, watoto wote nje! Aliyewarudisha ni baba mkwe na kipande chake cha chuma. Miaka ishirini na sita anakigonga. Wala hakijawahi kuhitaji waya.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kajibu, hatimaye. Kikofia maana yake shikilia kitufe cha Ctrl. Eti kila mtu anajua. Haya. Nimeingia, nimetoka, nimeingia, nimetoka. Profesa mzima!

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu mkuu kafurahi. Kesho kompyuta ikishika kazi, baba mkwe "atapumzika". Neno tamu hilo! Maana yake mwisho wa mwezi hana kazi. Na nimwambie mimi, kwa kuwa tunakaa nyumba moja. Jioni nimekula naye nikitazama sahani. Sikusema. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika hapa ofisini. Saa sahihi anazo baba mkwe tu, kichwani. Ikabidi nimwite. Kakaa kiti cha wageni, chuma mapajani, kanitajia moja moja. Ya mapumziko niiwahishe dakika mbili, maana wa madarasa ya mwisho wako mbali na choo. Nikaandika zote. Nikabonyeza Ctrl na X, kwa ustadi kabisa. Sasa nano inauliza: nihifadhi? Y ndiyo, N hapana. Rahisi, ya wanaoanza!

Dakika ya nne hii, sijabonyeza Y wala N. Mwalimu mkuu kachungulia dirishani mara mbili.

"Mwanangu, mbona umesita?" baba mkwe kauliza. "Kuna saa nimekosea?"