Uduvi wa Pangoni

Mjukuu wangu Karisa, mume wangu,

Pokea salamu kutoka Gede. Sisi tu wazima, ila babu yako bado anakohoa.

Umeuliza kama wale uduvi weupe wasio na macho, mnaosoma habari zao huko chuoni, bado wako katika pango letu. Nilipokuwa msichana tulichota maji mle, na mama alinifunza kuyachuja kwa leso, kisha kuikung'uta leso kisimani mle mle pangoni. "Warudishe," alisema. "Wenye maji ndio hao."

Sasa timbo la kuchimba mawe limefika mlangoni mwa pango, na maji yamepungua. Juzi nilishuka, nikachota, nikachuja. Leso ilibaki tupu. Nikaikung'uta vivyo hivyo.

Bibi yako,
Kadzo