Tone Baridi Shingoni mwa Baba

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Koo linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenihama tangu Shangazi anieleze kuwa daktari anataka kuutoa huo uvimbe wa saratani pamoja na sehemu yote inayotoa sauti, na wewe umemjibu, "Nitafikiria." Unafikiria nini, Baba? Kubali upasuaji. Nakusihi.

Binti yako

15 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Huku tunasukuma siku. Koo linakwaruza, ila mkono bado mwepesi. Mwanangu, mimi ni kinyozi. Watu hawaji kwangu kwa ajili ya mkasi tu, wanafuata maneno. Kinyozi bubu ana tofauti gani na mashine?

Si ulinieleza maabara yenu ina dawa ambayo ikiwa baridi ni majimaji, ikipata joto la mwili inaganda palepale, inauchoma uvimbe kwa mionzi, kisha inayeyuka yenyewe? Majaribio yamefika hospitali ya hapa. Nataka hiyo.

Baba

24 Februari

Baba,

Shikamoo. Hapana! Ninayeichanganya dawa hiyo ni mimi, navijua vituko vyake. Juzi chumba kilipata joto kidogo tu, ikagandia ndani ya sindano. Je, ikigandia pasipotakiwa shingoni mwako? Waliodungwa mpaka sasa ni wachache mno. Upasuaji una uhakika zaidi. Mimi namtaka baba, hata awe bubu. Nijibu upesi.

Binti yako

21 Machi

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Mbona kimya? Nikimpigia Shangazi ananiongelesha habari za mvua. Jirani anasema umefunga duka lako la kunyolea. Kazini mikono ipo, akili haipo; leo nimevunja chupa mbele ya mkuu wangu. Kama umenikasirikia, niandikie japo neno moja la hasira. Nitashukuru.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usimlaumu Shangazi, nilimwapisha. Nimeshadungwa.

Ilipoingia nilihisi tone la baridi, halafu pakawa pazito, kama nimemeza kifungo cha koti. Walinilaza chumba cha peke yangu kwa sababu ya mionzi. Muuguzi akaniambia kutokea mlangoni, "Mzee, pumzisha koo, usiongee." Nikamuuliza kwa nini. Akacheka mpaka akakaa chini.

Waliniuliza kama nina ndugu kwenye utafiti. Nikasema sina. Niliogopa wataniondoa.

Baba

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nikacheka kwa huyo muuguzi, nikalia tena. Kisha nimemwambia mkuu wangu ukweli. Kazi yangu si kuchanganya dawa tu, napima na matokeo, Baba. Nikiona uvimbe umepungua, nitajuaje kama nimeona kitaalamu au nimeona kwa macho ya mtoto wako?

Wewe utaendelea kutibiwa, dawa imeshaingia. Mimi nimeondolewa kwenye jaribio zima. Kazi niliyoilea tangu mwanzo sasa naipitia mlangoni kama mgeni. Picha za koo lako sitaziona. Kwa hiyo niambie wewe mwenyewe, hata ikiwa mbaya. Usinifiche tena.

Binti yako

19 Juni

Kiherehere wangu,

Marahaba, na pole. Barua yako niliipata zamani. Kila nikishika kalamu aibu inanishika mkono. Nilijipigania mimi, ukaumia wewe.

Sikufichi. Uvimbe umenywea sana, lakini haujaisha. Jumanne ijayo wanakata kilichobaki. Mwanzo daktari alitaka kuondoa sehemu yote ya sauti. Sasa anasema upande mmoja utatosha. Sauti itabaki, ila ya kukwaruza, pengine ya kunong'ona. Nikamuuliza, "Mteja aliyekaa kitini atanisikia?"

"Akiwa karibu."

"Daktari, mteja wangu atakwenda wapi? Shingo yake ninayo mimi."

Akacheka, huku anajipapasa shingo.

Nacheka na watu mchana kutwa, mwanangu, lakini moyo hautulii. Omba ruhusa uje. Nikizinduka, neno la kwanza litakalotoka, vyovyote litakavyotoka, nataka nikuambie wewe.

Baba yako