Diski Nyembamba

Baba Praygod,

Ugali umo kwenye hotipoti, dagaa usipa wa kukaanga wako chini ya kawa.

Asubuhi ulirudi na gari kutoka mteremkoni, breki zikiwa bado za moto, ukazimwagia maji ili gari ling'ae Padri akija kulibariki. Niliisikia diski ya breki ikilia ta! Imepasuka, ukucha wangu unaingia. Nawe unasema ni mkwaruzo tu, kesho kwenye mbio za magari Kitai utashindana hivyo hivyo.

Nilikuambia uchukue zile nzito za mtumba. Ukataka mpya, nyembamba, kwa kuwa zinametameta.

~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi lini. Nimechoka kukuombea kila kona.

Padri akija, mwambie awabariki wanao. Ufunguo wa gari usiutafute. Naondoka nao kwenda Kigonsera.

Mama Praygod