Ushuhuda Nilioutoa Ujiji

Mwanga, Kigoma
11 Agosti

Mpendwa dada Melania,

Shikamoo dada, na Bwana asifiwe. Naamini hapo Mwamgongo mnaendelea vizuri, na goti la shemeji Martini limepoa. Sisi huku Mungu anatushikilia. Mfuko wa dagaa ulifika, umekwisha, na mume wangu Erasto bado anauulizia. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, majirani wote wanaitikia salamu.

Sasa dada, kaa chini. Tangu mwezi wa tano natibiwa hospitali, saratani ya titi. Najua utauliza imekuwaje, wakati Pasaka pale Ujiji ulinisikia mwenyewe nikisema nimepona. Nitafika huko, nivumilie.

Walinichoma sindano wakatoa kinyama kwenye uvimbe, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari, binti mpole anaitwa Yasmini, alituchorea kwenye karatasi. Alisema mwilini tuna chembe za kinga, kama askari, na kwenye uvimbe wangu askari wengi wameshaingia ndani. Uvimbe wa aina yangu ni mkali, ila ukiwa na askari wengi hivyo, mara nyingi dawa huufanyia kazi vizuri. Erasto akasema basi askari wamalize wenyewe, tusichomwe dripu za dawa. Daktari alicheka, akasema peke yao wameshindwa ndiyo maana uvimbe upo, na kwamba hii ni dalili njema, siyo ahadi. Nilimshukuru Mungu palepale, aliyewaweka bila mimi kujua.

Nimepata dripu nne. Nywele zimekwisha, Erasto anasema nimefanana na marehemu baba yake. Lakini uvimbe umepungua, nikiushika nausikia. Upasuaji utafuata.

Nilimuuliza daktari kuhusu wewe na huo uvimbe wako. Nikadhani kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja, askari wangu na wako watakuwa sawa. Akanijibu, "Hapana mama. Uvimbe wako ni wako. Wa dada yako hatuujui mpaka tuupime." Tangu siku hiyo naanza kusali, simalizi.

Dada, siku ile ya ushuhuda uvimbe ulikuwepo. Niliugusa asubuhi nikioga. Kina mama wa maombi walikuwa wamefunga siku tatu kwa ajili yangu, wengine wananyonyesha, nikaona aibu kuwaambia hakuna kilichobadilika. Mchungaji aliponipa kipaza sauti, nikasema umeyeyuka. Mungu hakunituma kusema vile. Kisha ukanifuata nje, ukanishika mkono, ukasema, "Basi na mimi tarehe yao ya hospitali siendi." Nikakusindikiza hadi kwenye boti, na nikakupungia mkono.

Jumapili nitasimama kanisani niyaseme haya yote, ila nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Alphonce anayekuletea barua hii anarudi Kigoma Alhamisi, nimemwomba akuwekee nafasi kwenye boti. Kitanda nimeshakutandikia. Kama una hasira nami, njoo nazo hizo hizo. Tutagombana tukiwa kwenye foleni, mradi wakupime.

Msalimie shemeji, na Candide jirani yako. Watoto wanakuamkia. Mungu akulinde majini mpaka nikuone.

Ni mimi mdogo wako, nikiomba unisamehe,
Catherine